Dishi, antena au kebo: jinsi ya kupima ipi inakupa HD safi zaidi

Kabla ya kulinganisha, ng'oa ule waya wa AV wenye vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe. Haupitishi HD. King'amuzi cha HD kilichofungwa kwa AV hutoa picha ya kawaida ya mistari 576, na malalamiko mengi ya "HD feki" huanzia hapo. Tumia HDMI, kisha ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi uweke 1080i au 1080p, umbo la picha 16:9.

Runinga nayo hudanganya. Nyingi hutunza mipangilio ya kila tundu la HDMI peke yake, kwa hiyo la kwanza laweza kuwa na rangi za kukolea na la pili zimepoa, ukadhani dishi limeishinda antena. Tumia tundu moja, uhamishe waya tu. Chagua hali ya sinema, shusha ukali wa picha karibu na sifuri, zima kipunguza chenga.

Sasa tafuta chaneli moja iliyopo kote, na uhakikishe kote ni HD, maana chaneli ile ile yaweza kuwa HD kwenye dishi na ya kawaida kwenye antena. Azam na StarTimes wana ving'amuzi vya dishi na vya antena. Nairobi kuna kebo ya Zuku. Pima wakati wa mpira. Kamera ikikimbia na winga, tazama nyasi: zikibaki nyasi, vizuri, zikigeuka zulia la kijani, chaneli imebanwa mno, yaani data ya picha imepunguzwa kupita kiasi ili itoshee kwenye masafa. Tazama pia moshi, mashabiki jukwaani na maandishi yanayopita chini ya skrini.

Kubanwa huko ndiko kunakotofautisha picha, kuliko njia inayoileta. Mpira wa HD kwa H.264, mfumo wa kubana video, hupendeza kwenye megabiti 8 kwa sekunde au zaidi. Kwenye 3 au 4 lazima uvurugike. Kama king'amuzi kinarekodi kwenye flashi, rekodi dakika 10, chukua ukubwa wa faili kwa megabaiti, zidisha kwa 8, gawanya kwa 600. Faili la megabaiti 450 ni megabiti 6 kwa sekunde. Mwenye chaneli nyingi kwenye masafa machache hulazimika kuzibana, na hapo antena mara nyingi ndiyo huumia, kwa kuwa masafa yake ni finyu kuliko ya setilaiti.

Kwa hiyo usinunue dishi kubwa ukitafuta picha kali zaidi. Mawimbi ya dijitali yakitosha, picha ni ile ile, ubora wa mawimbi kwenye king'amuzi usome asilimia 65 au 95. Dishi la sentimita 90 badala ya 60 linakupa uvumilivu wa mvua tu, maana matone hunyonya mawimbi ya gigahezi 10 hadi 12. Antena ya UHF haijali sana mvua; adui zake ni kilima, ghorofa la jirani na vijiti kuelekezwa vibaya. Boosta ifungwe juu, karibu na antena. Ukiiweka nyuma ya runinga inakuza na uchafu uliookotwa njiani. Na ukiwa karibu na mnara, itoe kabisa, huzidisha mawimbi hadi king'amuzi kishindwe kuyasoma.

Kwenye kebo, hesabu vigawanyi. Kila kigawanyi cha njia mbili hula takriban desibeli 3.5, na kikifungwa juu ya kingine chumba cha mwisho huanza kukatika. Mitandao midogo ya mitaani ina shida nyingine: baadhi huchukua chaneli kutoka kwenye dishi na kuibana upya, na hilo hakuna fundi wa nyumbani kwako atakayelirekebisha.

Ukikuta miraba mikubwa, picha kuganda na sauti kukatika, hayo ni mawimbi: kagua waya wa RG6 (ule mnene wa dishi au antena), kaza viungio, angalia kama maji yameingia kwenye LNB, kile kichwa cha kupokelea mbele ya dishi. Sauti ikiwa safi huku picha ikififia kwenye mwendo tu, huko ni kubanwa kwa chaneli: usimwite fundi, hamia king'amuzi cha kampuni nyingine.