Saspensheni ya upepo au ya haidroliki kwa gari ya kila siku: jinsi ya kuchagua ukiwa Arusha au Moshi

Kabla hujaulizia bei hebu fikiria kwanza njia unayopita kila siku, kuanzia getini kwako mpaka kazini na kurudi. Mtu wa Njiro anayeingia mjini anakula lami na matuta, wa ndani ndani huko Moshono au Olasiti ana vumbi na mawe kabla hajaiona lami, na wa Moshi anayelala Kibosho anashuka kona na kupanda kona na mvua za masika zikianza lile tope jekundu linajaa mpaka ndani ya madigadi. Afu kuna wale wa Arusha Moshi, kama kilomita 80 hivi, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, Boma Ng'ombe, matuta na rasta kila penye senta na shule. Gari ya kila siku inatengenezewa njia hizo, siyo picha.

Nasema hivyo kwa sababu watu wengi wanachagua wakiwa wameona gari imepaki, imelala chini, tairi zimezama kwenye madigadi, na kweli inapendeza sana, lakini wewe utaishi nayo ikiwa inatembea na utaishi nayo siku ikigoma. Kwa hiyo swali ninalompa kila anayeniuliza ni hili: siku ikivuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtoto amevaa sweta la shule yuko kwenye kiti cha nyuma, utafanyaje na nani atakusaidia? Ukilijibu hilo kwa ukweli nusu ya uchaguzi umeshamaliza.

Sasa tuelewane kwanza hivi vitu vinafanyaje kazi. Upepo unabanika, mafuta hayabaniki. Kwenye mfumo wa upepo springi zinatolewa, yanawekwa mabegi ya mpira mgumu, kompresa inajaza tenki, na valvu zinapeleka upepo kwenye begi au kuutoa. Tairi ikipiga shimo ule upepo ndani ya begi unajibana na kurudi, yaani upepo wenyewe ndo springi yako. Kwenye haidroliki ya kufunga mwenyewe, ile ya magari yanayoruka, pampu inasukuma mafuta kwenye silinda na silinda inainua gari, mafuta hayana kurudi nyuma, kinachobaki kukupa ulaini ni kile kipande cha springi kilichobanwa pale. Ndo maana inapiga kavu. Kuna dawa yake, mitungi midogo yenye gesi ya naitrojeni inayofungwa kwenye laini ya mafuta ili kuwe na kitu cha kubanika, na kama umeng'ang'ania haidroliki kwenye gari ya kutembelea hiyo mitungi usiiache, lakini ni gharama nyingine juu ya gharama.

Hapa kuna kitu kinachanganya watu sana. Kuna haidroliki mbili tofauti kabisa. Moja ni ya kiwandani, Citroën waliiweka kwenye DS ya mwaka 1955, mafuta na gesi kwa pamoja, na Toyota nao wakaja na yao kwenye Land Cruiser 100, ile yenye kitufe cha kupandisha na kushusha, mafundi wanaiita AHC. Hiyo ni laini, imetengenezwa kwa ajili ya safari. Nyingine ni ile iliyoanzia California mwaka 1959, jamaa anaitwa Ron Aguirre alifunga pampu na silinda za ndege kwenye Corvette yake ili aishushe akiwa anaonyesha na kuiinua akiona polisi, maana sheria ya kule ilikuwa imekataza gari kuwa chini kuliko rimu. Kwa hiyo mtu akikwambia haidroliki ni laini muulize anaongelea ipi, na akikwambia ni ngumu muulize vile vile.

Tuanze na hii ya kufunga mwenyewe, nitaipitia haraka maana kwa gari ya kila siku mimi siipendekezi na sababu zipo wazi. Pampu zake zinakula umeme mwingi, unahitaji betri nne, sita au zaidi kwenye buti zimeunganishwa kwa kufuatana kupata volti 36, 48 au hata 72, na kila betri ni kama kilo 20 na kitu. Betri sita tu tayari umebeba watu wazima wawili kwenye buti masaa yote, uende sokoni, uende kanisani, uende wapi. Alternata ya gari haizichaji zote hizo, unatakiwa uzichomeke ukutani usiku, na umeme ukikatika usiku huo asubuhi gari haina nguvu ya kujiinua. Betri za asidi zikichajiwa zinatoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo buti lazima lipumue. Juu ya hapo magari tunayoendesha wengi, IST, Crown, Mark X, Harrier, hayana chesisi ya kujitegemea kama zile Chevrolet Impala za Marekani za zamani, bodi ndo chesisi, kwa hiyo zile nguvu za silinda zinapasua kuta za bodi usipochomelea vyuma vya kuimarisha. Ukishachomelea hivyo gari ya kutembelea imekuwa kitu kingine.

Kwa haki niseme na zuri lake. Paipu za mafuta ya presha Arusha hazisumbui, maana matipa, matrekta na foklifti wanatumia hizo hizo, unapeleka kipimo wanakukatia na kukubania kichwa unasubiri. Na silinda nzuri haichakai na vumbi haraka kama mpira wa begi. Kama una gari ya pili ya Jumapili, unataka iruke, sawa, funga haidroliki na ufurahi.

Upepo sasa. Kwa mtu mwenye gari moja tu hili ndo jibu langu, na sababu kubwa siyo ulaini, ni mafundi. Mabasi makubwa ya Dar mengi yanakalia mabegi ya upepo na malori yote makubwa yana breki za upepo, kwa hiyo Arusha na Moshi kuna watu wanashika paipu za upepo, fitingi, valvu na tenki kila siku ya Mungu. Fundi wa IST anaweza asiijue saspensheni yako, lakini fundi wa breki za malori ukimwonyesha paipu inavuja anajua cha kufanya, na fitingi nyingi ni saizi za kawaida.

Ila uujue na ugonjwa wake. Upepo unavuja, hamna mfumo wa upepo duniani usiovuja kabisa, tofauti ni kiasi gani. Uvujaji mdogo unaifanya kompresa iwake mara kwa mara, kompresa inachemka, inaungua, na watu wanalaumu kompresa wakati mwuaji alikuwa fitingi ya elfu kadhaa. Kupima ni rahisi, changanya sabuni ya maji na maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia, jaza mfumo mpaka mwisho, puliza kila kiungo na subiri. Panapovuja sana utaona povu linatoka haraka, ila ule uvujaji wa kijinga unajitokeza kama vipovu vidogo vidogo vyeupe vinavyojikusanya polepole kando ya fitingi kama mapovu ya mate, kwa hiyo usiwe na haraka, kaa hapo uangalie. Mara nyingi kosa liko kwenye ukataji, paipu imekatwa kwa msumeno au mkasi, mdomo umekaa mshazari. Kata kwa kiwembe kipya, mdomo uwe mraba kabisa, sukuma mpaka uisikie imefika, afu ivute kidogo kuhakikisha imeshika.

Maji ni adui wa pili. Hewa ikibanwa inaachia maji, na Arusha Juni na Julai asubuhi kuna ukungu na baridi, kwa hiyo tenki linakusanya maji na yakifika kwenye valvu zinakwama. Weka kichujio cha maji kati ya kompresa na valvu, na tenki liwe na koki chini, uifungue kila wiki, kipindi cha mvua mara mbili. Ukiona yanatoka maji yenye rangi ya kutu, umechelewa, anza kuangalia na tenki lenyewe. Vumbi nalo, usiache kompresa inyonye hewa ya chini ya gari, vuta paipu ya kunyonyea ipande juu sehemu kavu yenye filta, la sivyo vumbi letu la huku, laini kama unga, litaikwangua ndani.

Na begi lenyewe lisiguse kitu. Acha nafasi kama sentimita 2 na nusu kuzunguka begi likiwa limejaa, afu fundi ageuze stering mpaka mwisho kushoto na kulia, aishushe gari yote na kuinua yote, huku mtu anaangalia na tochi. Begi linalosugua chuma lina miezi tu ya kuishi.

Presha usikisie. Upepo ukiwa kidogo begi linajikunja na kubanwa kwenye tuta, ukiwa mwingi gari inarukaruka kama lori tupu, kwa hiyo tafuta kimo ambacho gari inakaa sawa ukiwa na mzigo wako wa kawaida, andika namba za geji, hiyo ndo inakuwa kimo cha kutembelea. Kushusha chini ni ukishapaki tu.

Kama shida yako ni mzigo tu, una Noah au Prado na kila Ijumaa unapeleka magunia na wazazi Rombo, usifunge mfumo wote. Kuna mabegi madogo yanayoingia ndani ya springi za nyuma zenyewe, unajaza upepo kwa pampu ya tairi, hamna kompresa hamna valvu za umeme. Kwa familia nyingi hiyo inatosha kabisa.

Ukinunua gari iliyokuja nayo kutoka kiwandani, Discovery 3, Crown Majesta au baadhi ya Prado 120 zenye mabegi nyuma, pima kwa futi toka katikati ya rimu mpaka madigadi jioni, iache ilale, upime tena asubuhi kabla hujawasha. Kona iliyoshuka ina uvujaji. Kwa Land Cruiser 100 yenye AHC angalia kopo la mafuta gari ikiwa juu, afu ishushe uangalie tena, mafuta lazima yapande kwa kiasi kinachoonekana vizuri, yakisogea kidogo tu ujue gesi kwenye ile mitungi ya chuma ya mviringo inayoupa mfumo ulaini imeisha na ndo maana inagonga. Mafuta yake ni ya aina yake, asije mtu akakuwekea ya stering.

Mambo ya usalama hayana mjadala. Usiingie chini ya gari iliyoinuliwa na upepo au mafuta, weka stendi za chuma, paipu ikichomoka gari inashuka bila kukuaga. Uvujaji wa haidroliki usiutafute kwa mkono, mafuta ya presha yanatoboa ngozi na kuingia mwilini na kidonda kinaonekana kidogo kumbe ndani pameharibika, tumia kipande cha boksi, na ikikutokea nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama hakiumi. Mwenye bima kubwa aitaarifu kampuni kwa maandishi kabla hajabadilisha chochote.

Ukishafunga, fyuzi iwe karibu na betri, alaimenti ifanywe gari ikiwa kwenye kile kimo cha kutembelea na siyo ikiwa imelala. Siku chache za kwanza zunguka mjini tu, karibu na fundi, uone geji zinashuka kiasi gani usiku. Zikitulia ndo uende Moshi na kurudi, na ukifika rudi gereji boliti zote zikazwe upya, maana zikishapigwa na matuta yote yale lazima kuna iliyolegea.