Kadi za Valentine za darasa zima

Katika shule nyingi za Marekani, mtoto anayepeleka kadi tarehe 14 Februari hupeleka za darasa zima, ili asibaki yeyote mikono mitupu. Mwombe mwalimu orodha ya majina, kisha anza siku 5 kabla. Mtoto wa miaka 4 akishaandika jina lake mara 5 au 6, herufi huanza kuparaganyika. Hapo mwache apumzike.

Kata kila karatasi ya manila vipande 4. Karatasi 6 zinatosha watoto 24. Jina liandikwe kwanza, maana mkono huburura rangi mbichi.

Kopa (umbo la moyo) nzuri kuliko zote ni ya dole gumba. Paka rangi nyekundu kwenye sifongo yenye unyevu kidogo. Ukiimimina kwenye sahani, dole hubeba nyingi na alama huvuja. Abonyeze kwanza kwenye karatasi chakavu, halafu kwenye kadi mara mbili, dole likilazwa upande huu na huu, alama zikutane chini kama V. Zitandaze saa nzima, usizirundike, zitagandana.

Peremende ziache: shule nyingi huzikataa kwa ajili ya watoto wenye mzio. Penseli iliyobandikwa kwa selotepu inafaa zaidi.