Somo: Kupima kichwa cha mtoto na kufuatilia kinavyokua

Uzito wa mtoto kila mama hapa Mombasa anaujua. Muulize tu, atakutajia kilo na gramu zake. Kichwa hakiulizwi. Nami naona kingeulizwa sana, hasa mwaka wa kwanza, kwa sababu fuvu la mtoto hutanuka likifuata ubongo ulio ndani. Ubongo usipokua, kichwa hubaki kidogo. Maji yakijaa, kichwa huvimba mbio.

1. Futi. Iwe ya plastiki isiyovutika. Ile ya kitambaa ya fundi cherehani ikizeeka hurefuka, ikakupa namba ndogo kuliko ukweli. Ilaze kando ya rula ya shule, sentimita 30 zilingane. Angalia sifuri inaanzia wapi, maana nyingine zina kipande kitupu mwanzoni, na usome upande wa sentimita, si inchi.

2. Mtoto. Ashibe kwanza, apakatwe. Vua kofia, fumua mabutu.

3. Kupima. Pitisha futi juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, hadi kisogoni pale palipotokeza zaidi. Wengi hukosea hapo nyuma: futi huteleza ikashukia shingoni huku mbele ikionekana sawa. Mwombe mwenzio aishikilie kisogoni kwa kidole. Ikaze kiasi cha kulaza nywele, bila kumwacha mtoto na alama. Soma mpaka milimita. Iondoe kabisa, upime tena, mara tatu, kisha uandike ile kubwa kuliko zote, kwa kuwa tunatafuta mzunguko mpana kabisa.

4. Kuandika. Tarehe, umri, namba. Siku za chanjo zatosha: wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu miezi 6 na 9. Kupima kila siku kunazaa wasiwasi tu.

Sasa namba zenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati za kichwa mwaka 2007, za wavulana mbali na za wasichana. Mvulana wa wastani huzaliwa na sentimita 34.5, msichana 33.9. Mwaka ukitimia, mvulana yuko 46.1 na msichana 44.9. Ukuaji huo si wa mwendo mmoja: miezi mitatu ya kwanza huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, mitatu inayofuata kama 1, halafu nusu tu.

Lakini namba moja haisemi mengi. Chukua wavulana wawili waliozaliwa na sentimita 34, wote wakafika 37.8 wiki ya 6. Mmoja wiki ya 10 ana 39.2 na wiki ya 14 ana 40.4, huyo anafuata mstari wake. Mwingine wiki ya 10 tayari ana 41. Kwenye chati bado yumo ndani ya mipaka, na atakayemwona siku hiyo moja atasema ni mzima. Wewe mwenye daftari unaona ameruka zaidi ya sentimita 3 kwa wiki nne. Huyo apelekwe hospitali wiki hiyohiyo, na daftari liende naye.

Maswali

*Mama wa Likoni: Shukran kwa somo. Wangu alizaliwa wiki nane kabla ya wakati. Namsoma wapi kwenye chati?*
Toa hizo wiki nane kwenye umri wake. Akiwa na wiki 14, msome kama wa wiki 6. Endelea hivyo mpaka afike miaka miwili.

*Dada wa Majengo: Bibi yake humkanda kichwa kila akimwosha ili kiwe duara. Kuna ubaya?*
Mpapase kwa mafuta, lakini asikiminye. Kichwa kilichorefuka wakati wa kuzaliwa hurudi chenyewe baada ya siku chache. Kikibonyea upande mmoja kwa kulalia, mgeuzeni uso mara kulia mara kushoto akiwa amelala chali, na akiwa macho alazwe kifudifudi huku mnamtazama. Mweleze bibi kwa heshima. Naye anamtakia mjukuu mema.

*Baba wa Changamwe: Wangu yuko juu ya chati tangu azaliwe, na mimi pia nina kichwa kikubwa.*
Jipime nawe, na mama yake. Vichwa vikubwa hurithiwa, na mtoto anayekwenda sambamba na mistari huku akicheka na kushika vitu kwa wakati wake huwa mzima mara nyingi. Hata hivyo daktari amwone mara moja.

*Mama wa Kisauni: Dalili gani zisingoje siku ya kliniki?*
Utosi uliotuna na kukaza hata akikalishwa akiwa ametulia. Mishipa iliyojitokeza kichwani. Kutapika mara kwa mara. Kulia kusikotulizika au usingizi mzito usio wake. Macho yanayotazama chini, weupe ukionekana juu ya mboni. Kuwa macho zaidi ikiwa aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mchanga au alizaliwa na mgongo wazi, kwani yote mawili huweza kuleta kichwa maji. Utosi ukiwa bado wazi, daktari huchungulia ndani kwa altrasaundi bila kumchoma wala kumlaza usingizi. Tiba ni upasuaji: ama mrija unaopeleka maji tumboni, ama njia mpya ya maji inayofunguliwa ndani ya ubongo. Usimzungushe kwa waganga kwanza. Dua haikatazwi, isomwe njiani kwenda hospitali.

*Mama wa Kisauni: Na kliniki wakisema nisubiri?*
Fungua daftari, muoneshe nesi namba zote, umwombe azitie kwenye chati mbele yako. Ukiona mstari unapanda kuvuka mingine, omba barua ya rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani.