Somo: Kutunza na kuamsha hamira ya bia

Bia ikishachachuka, hamira haijafa. Imelala chini ya ndoo, tabaka zito la rangi ya maziwa, na wengi wetu tunaimwaga kwenye sinki. Huniuma kila nikiona hivyo, maana pakiti moja inayotunzwa vizuri inapika ndoo tano.

1. Chagua. Onja bia kwanza. Ikiwa na ukakasi au uchungu usioeleweka, tupa mashapo yake. Hamira iliyotoka kwenye bia kali sana nayo iache, imechoka.

2. Vyombo. Chemsha chupa mbili za jamu na vifuniko vyake dakika 20. Usiharakishe hapa. Hamira nyingi ninazoletewa zimeharibika kwa sababu ya chupa iliyosuuzwa tu.

3. Kusanya. Ukihamisha bia kwa mpira, bakiza kidogo juu ya mashapo, zungusha ndoo, mimina chupani. Wapo wanaoosha mashapo kwa maji yaliyochemshwa. Mimi niliacha: bia ina kilevi na asidi vinavyozuia vijidudu, maji hayana kinga hiyo.

4. Hifadhi. Andika aina, tarehe na ni mzunguko wa ngapi, yaani ndoo ya ngapi. Weka friji, nyuzi 1 hadi 4, mbali na sehemu ya kugandishia. Kifuniko usikikaze siku za mwanzo. Hamira bado inatoa gesi na chupa inaweza kupasuka.

5. Amsha. Anza siku mbili kabla ya kupika. Chemsha lita moja ya maji na gramu 100 za unga wa kimea (sukari ya shayiri iliyooteshwa, iliyokaushwa ikawa unga) kwa dakika 15, kisha poza hadi nyuzi 20 au 25. Mwaga bia iliyo juu ya mashapo, chota vijiko vinne vya tabaka jeupe, tia kwenye maji hayo ya kimea. Funika kwa foili bila kubana na utikise kila upitapo, kwa kuwa hamira inahitaji hewa ili izaane. Usitumie sukari tupu badala ya kimea: haina virutubisho, na hamira iliyoizoea huzubaa ikikutana na sukari ya shayiri. Baada ya saa 24 hadi 36 povu litakuwa limepanda na kushuka. Ilaze friji usiku mmoja, mwaga maji ya juu, na kilichobaki chini ndicho cha kutia kwenye ndoo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Huku kwetu umeme unakatika hata siku nzima. Hamira itapona?*

Marahaba. Siku moja haiiui, ila usifungue friji ovyo. Ikizidi hapo, ipeleke kwenye ndoo ya barafu, na uitumie mapema kuliko ulivyopanga.

*Yangu ina miezi mitano, imekuwa ya kahawia. Niitupe?*

Inuse kwanza, dada. Ikinuka kama unga wa mkate uliochachuka, jaribu. Ikinuka nyama au mpira ulioungua, tupa bila huruma. Ukiamua kuiamsha, fanya kwa hatua mbili: nusu lita ya maji ya kimea, na ikishatoa povu, lita moja na nusu. Isipotoa povu kwa siku tatu, nunua mpya.

*Hamira ya maandazi inafaa?*

Inachachusha, kwani ni jamii ileile. Lakini imechaguliwa kwa kuumua unga. Bia hukawia kutulia na mara nyingi huwa na ladha ya karafuu. Kwa kujifunzia, sawa.

*Kwa nini unaishia ndoo ya tano, kaka?*

Kila mzunguko hamira pori na bakteria hujipenyeza kidogo. Tatizo hilo liliwaharibia bia hata Carlsberg, kiwanda cha bia kule Copenhagen, Denmark, mpaka mwaka 1883 mtaalamu wao Emil Christian Hansen alipokuza hamira safi kutoka chembe moja. Jikoni kwangu hakuna hadubini. Ya tano nikiimaliza, nafungua pakiti mpya.