Kutoka Kampala kwenda kuzamia Mombasa: anza kupanga na siku ya kurudi

Mwezi wa Pili mdogo wangu anayefanya kazi Jinja alikuja kwangu Ntinda tupange safari yake ya kwanza ya kuzamia baharini na mtungi wa hewa. Tiketi ya basi ya kurudi alikuwa ameshakata: mbizi ya mwisho Jumapili alasiri, basi Jumapili hiyohiyo usiku. Nilimwomba akaibadilishe kwanza, ndipo tuzungumze mengine. Haya ndiyo tuliyopanga jioni ile.

Hatua ya 1: Miezi na mwezi

Nenda wakati wa kaskazi, Novemba hadi Machi. Kusi likishika bahari inachafuka, mchanga unatibuka, na boti nyingi hazitoki. Ukishachagua mwezi wa kalenda, tazama pia mwezi wa angani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa na kujaa kwa nguvu na mkondo unavuta. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hutulia. Mgeni namchagulia maji mafu kila mara.

Hatua ya 2: Hati

Kitambulisho cha taifa, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kadi yako ya mzamiaji, yaani cheti cha mafunzo yako.

Hatua ya 3: Kituo cha kuzamia

Mimi hukaa upande wa kaskazini: Nyali, Bamburi au Shanzu. Diani, upande wa kusini, ni pazuri sana, ila ukitokea mjini kuna foleni ya feri ya Likoni, na boti za asubuhi hazikusubiri. Huku kaskazini kuna pia MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili matumbawe na samaki wapate makao. Imelala kwenye kina cha kama mita 30, kwa hiyo kadi ya msingi, inayokuruhusu mita 18, haikufikishi huko. Usimbembeleze kiongozi akupeleke.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize mambo mawili: je, boti inabeba oksijeni ya dharura? Kiongozi mmoja anashuka na watu wangapi? Wakisitasita kwenye swali la oksijeni, tafuta kituo kingine. Kwenye la pili, zaidi ya wanne mimi sishuki.

Hatua ya 4: Vifaa

Nunua miwani yako mwenyewe ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua, vingine kodi. Miwani ya kukodi imekaa kwenye nyuso mia na itakuvujia. Dukani iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika yenyewe, ni yako. Maji ya Mombasa ni ya uvuguvugu, suti ya milimita 3 inatosha.

Wengi wetu tumejifunzia kwenye bwawa au ziwani, yaani maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5, hivyo yatakuinua. Ikiwa wewe na vifaa vyako mna jumla ya kilo 100, ongeza kama kilo 2 na nusu za risasi, ile metali nzito, kwenye mkanda wa kiunoni, kisha jipime kwenye maji mafupi kabla ya kushuka.

Hatua ya 5: Kurudi nyumbani

Hapa tulikaa saa nzima na ramani, na hapa ndipo naomba usome polepole.

Unapozamia, nitrojeni ya kwenye hewa unayovuta inayeyuka mwilini kwa sababu ya shinikizo la maji. Ukipanda juu, inatoka taratibu kwa pumzi. Ukienda haraka mahali penye shinikizo dogo la hewa, inatoka kama mapovu ya soda iliyofunguliwa, na mapovu hayo hukaa kwenye viungo, au pabaya zaidi, kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana shirika la usalama wa wazamiaji, DAN, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudiarudia, kabla ya kupanda ndege. Ushauri huo ni wa kabini yenye hewa sawa na ya mwinuko wa mita 600 hadi 2,400.

Watu husikia "ndege" wakadhani basi halina neno. Lakini sisi nyumbani kwetu ni juu. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na njia ya kufika huko ni ya juu zaidi: ukipita Voi unakaribia mita 600, Nairobi ni karibu 1,700, Limuru ni zaidi ya 2,200, na Timboroa ni zaidi ya 2,700. Timboroa, basi lako liko juu kuliko kabini ya ndege.

Mimi nililijua hili kwa bega langu. Mwaka wangu wa pili nilitoka majini saa tisa alasiri, nikapanda basi usiku uleule. Tukipanda Limuru asubuhi, bega la kushoto lilianza kuuma kama jino bovu, na vidole vikafa ganzi. Nilidhani nimelilalia. Abiria mwenzangu, mama mmoja wa Tororo, aliniona natokwa jasho akasema, "Mwanangu, wewe shuka, hospitali iko Nakuru." Nilishuka. Niliwekewa oksijeni kwa saa kadhaa, na daktari wa wazamiaji aliyepigiwa simu akakataza kabisa nisiivuke Timboroa. Nililala Nakuru siku tatu. Yule mama sikuuliza hata jina lake, na mpaka leo namwombea heri.

Kwa hiyo ratiba ya mdogo wangu ikawa hivi:

- Ijumaa, saa tano asubuhi: anatoka majini kwa mara ya mwisho.
- Jumamosi: siku kavu, yaani bila kuzamia. Fort Jesus, Mji wa Kale, maji ya kunywa mengi, pombe hapana.
- Jumamosi usiku: treni kutoka stesheni ya Miritini, Mombasa. Akipita Voi zimeshapita zaidi ya saa 36.
- Jumapili: analala Nairobi, mwili uzoee.
- Jumatatu asubuhi: basi la Kampala.

Alilalamika kuwa inamlia siku ya likizo. Ni kweli, inamlia. Kama siku hazitoshi, punguza mbizi, usipunguze siku kavu. Anayerudi Entebbe kwa ndege naye asubiri. Mimi humwambia saa 24 kamili, hata kama kompyuta yake ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi, inaonyesha muda mfupi zaidi.

Dalili za kuangalia: maumivu ya kiungo yasiyo na sababu, ganzi, kuwashwa ngozi, uchovu usio wa kawaida, kizunguzungu. Zikitokea njiani, shuka kwenye mji wenye hospitali, omba oksijeni, na useme wazi, "Nimetoka kuzamia na mtungi," kwa sababu daktari wa bara hatalifikiria mwenyewe. Usiendelee kupanda. Bima ya wazamiaji ikate kabla hujaondoka Kampala, na namba yake ya dharura iandike kwenye karatasi, kwani simu huisha chaji.

Hatua ya 6: Usiku wa mwisho

Suuza miwani kwa maji yasiyo na chumvi, ianike kivulini, jaza daftari lako la mbizi. Saa ya kutoka majini iandike kwa wino, ukurasa wa kwanza, mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuiona.