Jinsi ya kutumia klorini kwenye maji yenye mabaki ya dawa za hospitali

Watu wengi wakishatia klorini kwenye maji wanaona kazi imeisha, chochote kilichokuwemo kimekufa. Kwa vidudu vingi ni kweli, na ndo maana miji imekuwa ikiitumia zaidi ya miaka 100 sasa, Jersey City kule Marekani walianza 1908. Ila mabaki ya dawa si vidudu, hayana uhai wa kutolewa. Tunameza vidonge, sehemu inatoka na mkojo, inaingia majitaka, mitambo ya majitaka mingi haikujengwa kwa ajili ya dawa kwa hiyo zingine zinapita mpaka mtoni, na mto huohuo kuna watu huko chini wanachota.

Kabla hujafanya chochote elewa hili, maana hatua zote zinatokea hapa: klorini haitoi dawa kwenye maji, inaibadilisha, tena si zote. Inashambulia molekyuli zenye sehemu laini kwake, kama fenoli na amini (vikundi vya atomu ambavyo klorini inavivamia kirahisi). Parasetamoli inayo, homoni ya estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango inayo, antibiotiki ya sulfamethoksazoli inayo, hizo zinabadilika haraka. Ibuprofeni na karbamazepini (ile ya kifafa) zinakaa hapohapo karibu kama zilivyokuwa, uongeze klorini mpaka maji yanuke bado zipo.

Na zile zinazobadilika zinakuwa nini? Chukua parasetamoli. Ikikutana na klorini inaokota atomu za klorini, na sehemu yake inageuka kuwa benzokwinoni (kemikali yenye sumu) na kitu kinachoitwa NAPQI, kilekile ambacho ini linatengeneza mtu akizidisha parasetamoli na ndicho kinacholiumiza. Sasa ukipima maji ukitafuta parasetamoli unaambiwa haipo, unafurahi, kumbe imeshakuwa kitu kingine ambacho kipimo chako hakikukitafuta. Kwa hiyo mtu akikuonyesha karatasi imeandikwa dawa imepungua kwa asilimia kadhaa baada ya klorini, muulize imeenda wapi.

Lakini tafadhali usiache klorini kwa sababu ya hii habari, nasema kwa moyo wote. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2012 lilisema mabaki ya dawa kwenye maji yaliyosafishwa kawaida yako chini ya nanogramu 50 kwa lita, yaani zaidi ya mara 1000 chini ya dozi ndogo kabisa ya kutibu. Kipindupindu hakingoji miaka, kinaua ndani ya masaa. Klorini inabaki, tunachopanga ni mpangilio tu.

Mpangilio wenyewe ni huu, toa kwanza halafu ua. Maji yakiwa na tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yapitishe kwenye chujio la kaboni iliyoamilishwa, yaani mkaa maalumu wa kiwandani wenye vitundu vidogo vingi vya kushika kemikali (mkaa wa kupikia haufanyi hiyo kazi, usijaribu kusaga), ndipo mwisho utie klorini. Kaboni inashika dawa nyingi zikiwa bado nzima, pamoja na ile ibuprofeni na karbamazepini ambazo klorini inazishindwa, na inashika pia uchafu wa majani na udongo ambao ungekula klorini yako bure na kutengeneza trihalomethani (kemikali mbaya zinazozaliwa klorini ikikutana na uchafu huo). Klorini ikija baadaye inakuta maji mepesi, inafanya kazi yake ya vidudu na inabaki kwenye ndoo kulinda maji.

Ukigeuza, klorini kwanza kaboni baadaye, kaboni inakula klorini yote na maji yanayotoka hayana ulinzi tena. Kwa maji ya bomba ambayo tayari yana klorini huna namna nyingine, basi chuja yale tu utakayokunywa muda huo, usijaze ndoo ukaiacha siku mbili.

Kipimo sasa. Tumia jiki isiyo na harufu ya maua wala rangi wala sabuni, soma asilimia kwenye chupa. Maji maangavu yanataka kama miligramu 2 za klorini kwa lita, yenye ukungu 4. Ndoo ya lita 20 maangavu ni miligramu 40. Jiki ya asilimia 5 ina miligramu 50 kwenye kila mililita, kwa hiyo unahitaji mililita 0.8, pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usikadirie kwa kifuniko. Koroga, funika, subiri nusu saa. Halafu pima klorini iliyobaki kwa stripu (vijikaratasi vya kupimia) au vidonge vya DPD (vya kupimia maji tu, si vya kumeza, vinayageuza pinki), rangi ikionyesha miligramu 0.5 kwa lita au zaidi kidogo uko sawa, ikiwa haipo kabisa maana yake maji yamekula klorini yote, ongeza na usubiri tena. Jiki ya zamani iliyokaa juani imeshapungua nguvu, hapo hesabu zote zinaharibika.

Angalia na pH (kipimo cha uasidi wa maji), ikipita 8 klorini inakuwa dhaifu sana maana sehemu kubwa inakuwa katika ile hali yake isiyo na makali. Na usije ukaongeza dozi mara tano ukidhani utamaliza dawa zilizobaki, zile ngumu hazitatoka na zile laini utazigeuza zaidi. Kuchemsha pia hakuondoi dawa.

Kaboni nayo ina mipaka, metformini ya kisukari inaishikilia vibaya, pamoja na zile dawa za kuonyesha mishipa kwenye eksirei. Mwenye uwezo atumie chujio la osmosisi kinyume, lile linalosukuma maji kwa nguvu kupita kwenye utando wenye vitundu vidogo sana. Na badilisha kaboni kwa muda ulioandikwa, ikijaa inaacha kushika na vidudu vinaweza kuota ndani yake.

Dawa zilizobaki nyumbani usimwage chooni wala kwenye sinki, rudisha famasi kama wanapokea. Kama hawapokei zichanganye na udongo au majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye mfuko, tupa takataka mbali na watoto. Na wale wanaoloweka vidonge kwenye jiki wakisema wanaviharibu, acheni, mnafanya kwenye bakuli kilekile kinachofanyika kwenye maji, tena kwa nguvu mara nyingi zaidi, na mvuke wake mnauvuta nyinyi.