Rangi ya maganda ya vitunguu: sufu ipite kwenye shabu kwanza

Kwa wanaofuma hapa Dodoma: kabla ya kutia uzi wa sufu kwenye rangi ya maganda makavu ya vitunguu (sokoni wauzaji huyatupa tu, omba), uchemshe kwanza kwa shabu, ileile ya vinyozi. Gramu 15 kwa kila gramu 100 za sufu, moto mdogo, saa moja, maji yasitokote. Shabu ina alumini, nayo hushika uzi upande mmoja na rangi upande mwingine, kwa hiyo njano yako ya dhahabu haiishii kwenye beseni la kufulia. Uache upoe humohumo sufuriani. Ukiutoa kwenye moto ukautumbukiza maji baridi, sufu hujikunja na kugandamana.

Inagoma wapi? Kwenye uzi wa akriliki, ambao ndio umejaa madukani. Choma kipande: sufu hunuka nywele zilizoungua, akriliki huyeyuka ikawa kitone kigumu. Na choya, ile ya juisi nyekundu, msihangaike nayo. Wekundu wake unavutia, lakini hata kwa shabu jua huupausha upesi.